Keshia aliyeondoka na funguo: msiba katika mwezi wa tatu wa kazi, Mwanjelwa

Kisa hiki kimetokea Mbeya, kwenye supamaketi ndogo maeneo ya Mwanjelwa. Binti mwenyewe na mwenye duka wameniruhusu kukiandika kwa sharti kwamba majina yasitajwe. Niliitwa kukaa nao kwa sababu nimesimamia maduka hapa mjini kwa muda mrefu na pande zote mbili zinanifahamu. Nakieleza kwa urefu kwa sababu mambo kama haya yanatokea kwenye maduka yetu kila kukicha, na mengi yanaishia kwa mtu kupoteza kazi wakati hata machozi hayajakauka. Msimamo wangu nautoa mapema: mtu mgeni kazini hana haki nyingi za kudai likizo ya msiba yenye malipo, lakini hilo halimnyimi ruhusa ya kwenda kuzika, na wala halimpi bosi uhuru wa kumkata mshahara anavyotaka.

Duka lina wafanyakazi watano: makeshia wawili, kijana wa stoo, msimamizi na mlinzi wa usiku. Mwenye duka ni mzee wa Makete, mchapakazi, ambaye nusu ya wiki yuko Tunduma kufuata mzigo. Binti aliajiriwa kama keshia kwa mshahara wa 240,000 kwa mwezi, miezi mitatu ya mwanzo ikiwa ya matazamio. Alikuwa ndani ya mwezi wa tatu. Msimamizi alisema mbele yangu, bila kuulizwa mara mbili, kwamba hana la kumlalamikia: anawahi, hesabu zake zinakaa, na wateja wanapanga foleni kwake hata kama upande wa pili uko wazi.

Jumanne usiku, mida ya saa tatu, amekwishafunga duka na kurudi chumbani kwake Ilomba, baba yake mdogo akampigia simu kutoka Rungwe. Mama yake mkubwa amefariki hospitalini. Huyu ndiye aliyemlea tangu darasa la tatu, mama mzazi alipofariki, akamsomesha kwa ndizi na majani ya chai mpaka kidato cha nne. Binti alikesha akilia. Alfajiri alipanda Coaster ya Tukuyu pale Uyole. Kabla hajapanda alimtumia keshia mwenzake meseji: “Dada nimefiwa, naenda nyumbani, naomba unisaidie kumwambia bosi.” Kwenye mkoba wake kulikuwa na ufunguo wa droo ya pesa na ufunguo wa stoo.

Asubuhi dukani pakawa patashika. Msimamizi alimpigia simu, haipatikani. Ilikuwa imezima chaji njiani. Bosi yuko Tunduma. Wateja wanaingia, mashine ya risiti ya EFD ipo, lakini droo imefungwa na stoo imefungwa. Saa nne akaitwa fundi akavunja kufuli la stoo na kitasa cha droo. Ufundi na vitasa vipya 15,000. Halafu msimamizi na keshia wa pili wakahesabu pesa ya jana huku foleni ikisubiri. Ripoti ya Z ya siku ile, yaani jumla ya siku inayotolewa na mashine hiyo, ilionyesha mauzo ya 612,000, na chenji ya kuanzia ilikuwa 30,000, kwa hiyo walitarajia 642,000. Walikuta 558,000. Shoti ya 84,000.

Ukijiweka kwenye viatu vya bosi anayepokea simu hiyo akiwa katikati ya foleni ya mpakani, unaelewa kwa nini alipandisha hasira. Keshia mpya ametoweka alfajiri, funguo ametoweka nazo, na pesa haijatimia. Huyu mzee amewahi pia kudanganywa. Kijana mmoja aliyemtangulia huyu binti aliaga kwamba bibi yake amefariki, kesho yake akaonekana Kabwe anaendesha bodaboda. Mtu akiumwa na nyoka akiona ung’ongo hushtuka. Hata hivyo hasira yake ilimfikisha mahali ambapo sheria haimruhusu kufika, na nitalirudia hilo.

Kijijini nako mambo hayakwenda kwa ratiba ya duka. Mtoto wa kwanza wa marehemu yuko Dar es Salaam, ukoo ukaamua asubiriwe, maziko yakawa Ijumaa. Anayejua misiba ya Rungwe anajua kazi ya binti aliyelelewa ndani ya nyumba ile: ndiye anayepokea akina mama wanaokuja na ndizi, unga na kuni kichwani, ndiye anayejua vyombo viko wapi, ndiye anayelala chini na wafiwa mpaka matanga yaanuliwe. Jumapili jioni daftari la rambirambi lilisomwa, Jumatatu asubuhi kikao cha ukoo kikakaa kuhusu watoto wawili wadogo wa marehemu. Aliondoka mchana wa siku hiyo. Alhamisi alijaribu kumpigia bosi mara mbili kwa simu ya jirani asimpate. Simu za Tunduma zinapenda kushika mtandao wa Zambia. Msimamizi, binti hakumpigia. Alimwogopa.

Jumanne saa moja na nusu asubuhi alikuwa mlangoni mwa duka, kitambaa cheusi kichwani. Upande wake wa kaunta kulikuwa na msichana mwingine, mpwa wa bosi. Bosi alimwambia maneno mawili matatu: kazi umeiacha mwenyewe, 84,000 nakata kwenye mshahara wako, kilichobaki utakuja kuchukua mwisho wa mwezi. Hakumpa hata pole. Binti alimpigia baba yake mdogo, baba mdogo akanipigia mimi.

Meseji

Niliomba kuiona ile meseji kwenye simu ya keshia mwenzake, kwa sababu kwangu hapo ndipo kisa kilipoharibikia. Haisemi nani amefariki. Haisemi wapi. Haisemi atarudi lini au atatoa taarifa lini. Haisemi funguo ziko wapi. Na imekwenda kwa mtu asiye na mamlaka ya kumruhusu. Yule dada aliifikisha kwa kusema “amesema amefiwa”, na kwa bosi mwenye kumbukumbu ya kijana wa bodaboda hiyo ikawa hadithi ileile.

Simlaumu binti kwa kukosa maneno usiku ule. Aliyefiwa hana akili ya kutunga barua. Ndiyo maana inafaa mtu ajue mapema, siku ya kwanza ya kazi, nani wa kumpigia na nini cha kusema. Kama angempigia au kumwandikia bosi moja kwa moja, ingetosha hivi:

“Shikamoo mzee. Usiku huu nimefiwa na mama mkubwa aliyenilea, Rungwe. Naomba ruhusa nikazike. Siku ya maziko bado haijapangwa, kesho jioni nitakujulisha kwa simu yoyote nitakayopata. Funguo zote mbili namkabidhi dada msimamizi alfajiri kabla sijapanda gari, na pesa ya jana ahesabu pamoja na mtu mwingine, daftari la lipa namba liko chini ya kisanduku cha chenji. Najua sijatimiza miezi sita, hivyo naomba hata kama ni bila malipo.”

Msimamizi anaishi Uyole, hatua chache kutoka pale Coaster ilipopakia. Hata saa kumi na moja alfajiri angefungua mlango. Aliniambia hivyo mwenyewe, kwa uchungu.

Ile sentensi ya mwisho ya kuomba bila malipo ina uzito mkubwa kuliko inavyoonekana. Bosi wa duka dogo akisikia “likizo” anafikiria mshahara unaokwenda bure huku analipa mtu mwingine kukaa kaunta. Ukimwondolea hofu hiyo kabla hajaisema, mnabaki mnazungumza habari ya siku tu.

Miezi sita

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya 2004, kifungu cha 34, inampa mfanyakazi angalau siku 4 za likizo yenye malipo mtoto wake akiugua au akifariki, au akifiwa na mume au mke, mzazi, babu au bibi, mjukuu, kaka au dada. Watu wengi wanaishia kusoma hapo. Kifungu cha 29 cha sheria hiyohiyo kinasema aliyefanya kazi chini ya miezi sita hana haki ya likizo zenye malipo za sehemu hiyo. Wasiobanwa na sharti hilo ni wafanyakazi wa msimu, na yule aliyefanya kazi kwa mwajiri mmoja zaidi ya mara moja ndani ya mwaka, vipindi vyake vikijumlishwa vikazidi miezi sita. Binti wetu hakuwa kwenye kundi lolote kati ya hayo.

Na hata angetimiza, kuna ukuta wa pili. Orodha ya kifungu cha 34 haina mama mkubwa. Haina shangazi, mjomba, baba mdogo wala mkwe. Naliona hilo kuwa pengo kubwa kwa nchi ambayo watoto wengi wamelelewa na mtu asiye mama yao mzazi. Hapa kwetu Nyanda za Juu Kusini ugonjwa wa UKIMWI uliacha yatima wengi mno. Njombe, Iringa na Mbeya tumezika sana. Waliowapokea watoto wale ni hao hao ambao orodha haiwataji. Mwajiri mwenye busara anaangalia nani amemlea mtu, na anaweza kutoa zaidi ya sheria wakati wowote, kwa kuwa siku 4 zimeandikwa kama kiwango cha chini.

Kwa hiyo nilimwambia binti wazi, mbele ya baba yake mdogo: malipo ya siku zile usiyadai, hutayapata, na ukianza nayo utapoteza na yale unayostahili. Hakupenda kusikia. Baba mdogo ndiye aliyemtuliza.

Lakini kukosa haki ya malipo hakumaanishi kwamba aliyekwenda kuzika ameacha kazi. Hapa ndipo bosi alipokosea. Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007 zinahesabu kuwa kosa la kufukuzisha mtu pale anapokosekana kazini bila ruhusa au bila sababu inayokubalika kwa zaidi ya siku 5 za kazi. Tulikaa tukahesabu kwa kalenda iliyoning’inia ukutani kwa bosi. Jumatano, Alhamisi, Ijumaa, Jumamosi, Jumatatu. Jumapili ilikuwa siku yake ya mapumziko kwenye ratiba ya duka. Siku 5 kamili, wala hazijazidi. Na sababu ni kifo cha mlezi, chenye kibali cha mazishi na barua ya mtendaji wa kijiji aliyokuja nayo bila kuombwa. Sheria inamruhusu mwajiri kudai uthibitisho kabla ya kulipa likizo ya msiba. Huyu hakuwa anadai malipo na bado alikuja na karatasi mbili. Nilimwona bosi akiisoma ile barua polepole, mhuri mpaka saini. Akasema kwa sauti ya chini, “Kumbe ni kweli.” Ndipo akampa pole.

Pamoja na hayo sikumficha binti udhaifu wa nafasi yake. Kifungu cha 35 kinasema masharti ya kuachishwa kazi isivyo haki hayamhusu aliye na chini ya miezi sita kwa mwajiri huyo. Maana yake, kama bosi angeshikilia uamuzi wake, binti asingeweza kwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi akadai ameachishwa isivyo haki. Hii ndiyo sababu nasisitiza simu na makabidhiano: mtu mpya kazini analindwa zaidi na uhusiano wake na bosi kuliko kifungu chochote.

Angebaki na nini mkononi? Ujira wa siku alizofanya kazi, mpaka senti ya mwisho. Cheti cha utumishi. Na notisi: kifungu cha 41 kinataka siku zisizopungua 7 kama mtu anaachishwa ndani ya mwezi wa kwanza, na baada ya hapo siku 28 kwa anayelipwa kwa mwezi, au alipwe badala yake. Notisi iwe ya maandishi, yenye sababu na tarehe. Bosi hakuwa amelijua hilo. Yeye alidhani matazamio ni kipindi cha kusema “nenda” na mtu akaenda. Nilipomwonyesha kwamba kumwondoa binti leo kunamgharimu karibu mshahara mzima wa mwezi, alinyamaza akatafakari, na nadhani ndipo mazungumzo yalipogeuka kuwa ya kweli.

Shoti

Suala la pesa lilihitaji muda mrefu kuliko yote, na hapa naomba wenye maduka wanisikilize vizuri.

Droo ilivunjwa na kuhesabiwa mhusika akiwa hayupo, na watu wawili waliokuwa na haraka. Hawakuandika noti ngapi za aina gani. Hawakupiga hata picha. Waliandika jumla tu kwenye kipande cha boksi la sabuni. Nikamuuliza binti mbele yao: pesa ya Jumanne ilikuwaje? Akasema, “Lipa namba mmeitoa?” Wakatazamana.

Ripoti ya Z inajumlisha mauzo yote yaliyopigwa kwenye mashine, ya noti na ya simu. Kwenye duka lile malipo ya lipa namba yanaingia kwenye simu ya bosi, na bosi alikuwa Tunduma. Binti alikuwa na utaratibu wake: kila mteja anayelipa kwa simu anamwandika kwenye kidaftari, saa na kiasi, halafu kidaftari kinalala chini ya kile kisanduku cha plastiki cha chenji ndani ya droo. Msimamizi akaenda kukiinua kisanduku. Kidaftari kilikuwa palepale, kimeshikwa na raba bendi, na ukurasa wa mwisho ulikuwa na mistari minne ya Jumanne: 18,000, 9,500, 27,000 na 7,000. Jumla 61,500. Bosi akafungua meseji kwenye simu yake, moja baada ya nyingine, na zote nne zikapatikana kwa saa zilezile zilizoandikwa.

Kwa hiyo shoti ya 84,000 ikabaki 22,500. Kwa wiki nzima watu wanne walikuwa wamemwita mwenzao mwizi kwa pesa iliyokuwa kwenye simu ya bosi. Keshia wa pili alilia, akamkumbatia. Mpwa wa bosi akatoka nje.

Na hizo 22,500? Huenda alikosea chenji. Huenda zilipotea siku droo ilipovunjwa. Hakuna aliyeweza kuthibitisha lolote, na nilimweleza bosi kifungu cha 28 kwa mpangilio wake, kwa sababu kukata mshahara kwa hasara ya duka ni mazoea mabaya sana kwetu. Hasara iwe imetokea kazini na kwa kosa la mfanyakazi. Mfanyakazi apewe kwa maandishi chanzo cha deni, kiasi na jinsi kilivyokokotolewa. Apewe nafasi ya kulipinga. Kiasi kisizidi hasara halisi. Akubali kwa maandishi. Na makato yote yasizidi robo ya mshahara wake wa fedha. Robo ya 240,000 ni 60,000. Hata kama ile 84,000 ingekuwa kosa lake lote na akakubali kwa mkono wake, kuikata yote mwezi mmoja kungekuwa kuvunja sheria.

Bosi aliziachia zile 22,500. Vitasa vya 15,000 binti alisema atalipa mwenyewe, kwa kuwa funguo alikabidhiwa yeye na akaondoka nazo. Nilikubaliana naye. Iliandikwa kwenye karatasi, akasaini.

Tulivyomaliza

Siku 5 alizokosa zikawa bila malipo. Hesabu yake ni rahisi: anafanya kazi siku sita kwa wiki, mwezi tunauhesabu siku 26, kwa hiyo siku moja yake ni kama 9,230 na siku tano ni karibu 46,150. Ukiongeza vitasa, makato yake mwezi ule yalifika kama 61,150. Baba mdogo aliuliza kama hiyo nayo haijavuka robo. Nikamweleza kwamba siku ambazo mtu hakufanya kazi na hana haki ya likizo yenye malipo hazidaiwi kama deni. Ujira wake haukuwepo tangu mwanzo. Deni ni vitasa peke yake. Akaridhika, na ni swali zuri ambalo wachache wanaliuliza.

Kazi akarudi. Bosi aliongeza mwezi mmoja wa matazamio, jambo ambalo mimi sikuliafiki, kwa kuwa kosa la kutoaga vizuri lilikwishalipwa na lile la wizi halikuwepo. Alishikilia, binti akakubali, nikaheshimu. Mpwa alihamishiwa kwenye rafu. Siku ya pili yake bosi alimwita binti ofisini akampa bahasha ya rambirambi kutoka dukani, na wafanyakazi wenzake nao walikuwa wamechanga. Ingepaswa kutangulia, lakini ilimfikia, na najua ilimsaidia.

Kuna watu wa ukoo waliosema binti angekwenda Tume moja kwa moja kumkomesha bosi. Kwa kisa hiki ingekuwa hasara kwake. Ila aliye na zaidi ya miezi sita, akafukuzwa kwa sababu ya kwenda kuzika, asikae nyumbani akingoja huruma: shauri la kuachishwa kazi linapelekwa Tume ndani ya siku 30, na madai mengine, kama mshahara uliokatwa kinyume cha sheria, ndani ya siku 60. Msiba wenyewe unakula wiki mbili za hizo kabla mtu hajajitambua.

Kabla sijaondoka bosi aliniuliza swali ambalo nilifurahi kulisikia: binti akishatimiza miezi sita, akafiwa tena, halafu akafiwa tena, inakuwaje? Nikamwambia zile siku 4 ni za mzunguko mzima wa likizo wa miezi kumi na miwili, hata misiba ikiwa mitatu. Zikiisha, mnaelewana. Akasema kwa Wakinga nako hakuna mtu anayemaliza mwaka kwa msiba mmoja.

Akaniomba nimsaidie kuongeza aya kwenye mikataba ya wafanyakazi wote watano. Tuliiandika palepale kaunta, na maneno mengi ni yake. Aliyefiwa ampigie mwenye duka mwenyewe, asipopatikana msimamizi, saa yoyote ya usiku. Mwenye droo akiondoka kwa dharura, pesa ihesabiwe na watu wawili, noti kwa noti, pamoja na lipa namba, na karatasi ipigwe picha imfikie. Asiyetimiza miezi sita apewe siku 3 bila malipo, na zaidi kwa makubaliano. Aliyetimiza apewe siku 4 zenye malipo kama sheria inavyosema, na kwenye orodha ya sheria bosi akaongeza mlezi, mama mkubwa na mdogo, baba mkubwa na mdogo, shangazi na mjomba. Nilidhani amemaliza. Akaichukua kalamu akaandika mwenyewe mwishoni: na wakwe.